Kicheko cha Bi Makaa

Sogeeni karibu, wanangu, mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, maana huyu mwigizaji ninayewasimulia habari zake hakuthubutu hata kumeza mate... gundi ilikuwa mbichi shavuni, na mpambaji alishamwonya, "Mama, usiseme, usicheke, kovu likikunjika tunaanza upya," naye amekaa mbele ya kioo, kidevu juu kama kuku anayekunywa maji, akijitazama anavyogeuka tena Bi Makaa, lile jini lililoungua, lililowafanya watu wazima walale na taa, filamu yenyewe ya zamani na bado mwanamke fulani akimwona sokoni huacha nyanya zake akatimua mbio, na sasa watu wa runinga wanataka sehemu ya pili, wanataka kujua Bi Makaa alitoka wapi, utadhani ubaya nao una mahali kitovu chake kilipozikwa... "Alizaliwa mwema," mwongozaji alikuwa akisema nyuma ya kiti huku anatafuna njugu, "mama yake ndiye aliyemharibu, anamfungia stoo, anasimama mlangoni anamcheka, na anamcheka kwa kile kicheko chenyewe, cha Bi Makaa, mtu nyumbani nywele zimsimame, kumbe alikirithi! Wewe mama utacheza wote wawili, mzazi na binti, si ndiyo?"... si ndiyo nini, nani anajibu na gundi mdomoni, na kicheko kile, lo, hawajui kilikotoka, kwenye filamu ile ya kwanza karatasi iliandikwa tu "anacheka", naye siku ile alisimama mbele ya kamera amekauka kama kuni, asijue acheke nini, ndipo kikamtoka cha mama yake mzazi, kicheko cha chini tumboni, kinapanda kama maji jikoni hadi kifuniko kinaruka, mama aliyecheka uji ukimwagika, aliyecheka baba akivaa shati ndani nje, na wote mezani wakamfuata hata wasiojua kulikoni, na filamu ilipotoka alimpeleka mama kuitazama, mama akakisikia, akamgeukia gizani, "We mtoto! Umenifanya jini mimi?" kisha akaangua kicheko, ukumbi mzima ukapiga mayowe, mwanamume mmoja mwenye ndevu zake akatoka na kiatu kimoja... na sasa mama yuko chini ya udongo, hakuna aliyemrekodi, picha zipo lakini picha hazicheki, sauti yake imebaki humu tu, katika koo hili, na hawa wanataka kuitia kinywani mwa mtu anayefungia mwanawe stoo... "Mbona hajibu?" "Ana gundi," mpambaji alisema. "Kimya ni kukubali, tuendelee." "Kimya ni gundi, bosi." "Basi atikise kichwa!" "Akitikisa, kovu linahamia puani, utamweleza nani?"... akikitoa kicheko kile leo ndiyo basi, watu watajua kilizaliwa na ukatili, mama yake atazikwa mara ya pili, na safari hii kwa fedheha, lakini ngoja, kama ni cha furaha, mbona kiliwatisha watu vile, siku ile seti nzima iliganda, mshika taa akarudi nyuma, hakuna aliyemfuata, hakuna... ahaa, ndicho hicho, mama hakuwahi kucheka peke yake, Bi Makaa alicheka na hakuna aliyemfuata, furaha isiyo na mwenziwe inatisha kuliko kilio, basi asili ya jini ndiyo hiyo, masikini, alikuwa anaita mtu, acheke nacho binti humo stoo, gizani, na yule mzazi mlangoni apewe kingine, kipi sasa... "Jini limekosa ulimi!" mwongozaji akajichekesha mwenyewe, hi-hi-hi, cha puani, kikavu, bawaba isiyotiwa mafuta, na mwigizaji akamtazama kwenye kioo, akakisikiliza chote mpaka mwisho, akakipima kooni, eh, hiki hapa, kinamkaa mama wa stoo kama kilishonwa kwake, na, akawaza moyoni, akiniuliza nimekitoa wapi nitamwambia nimekirithi... mpambaji akagusa shavu kwa ncha ya kidole. "Bado mbichi. Tulia, mama, mbona unatikisika?"

Na mkitaka kujua nani alirithi nini: mwongozaji alipata tuzo, akaitazama filamu yake mara nyingi asijitambue kwenye kile kicheko cha mlangoni. Sura ya Bi Makaa wamebaki nayo watu wa runinga. Kicheko cha tumboni kimemwangukia kitukuu wa marehemu mama yake mwigizaji, katoto hata meno hakana, kakimwagiwa maji ya kuoga kanakiachia chote, na nyumba nzima inakafuata.