Diski ya Harusi ya Elisha

Emiliana alistaafu akiwa amechapa barua za watu wizarani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kompyuta aliyoipata kwenye mnada wa vifaa vya ofisi ilikuwa kwake kitu cha kuandikia tu. Ilikaa sebuleni kwake Ipagala, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na spika zake mbili ndogo zilikuwa bado ndani ya mfuko wa nailoni.

Mwezi wa saba mdogo wake Elisha alifika kutoka Kibakwe na debe la maharage. Hata hajakaa sawasawa, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Harusi yetu mimi na Lydia. Lydia kaikuta chini ya sanduku tulipokuwa tunahamisha vitu ili tupige plasta. Ile deki ya jirani ya kuchezea diski ilishakufa zamani. Nikasema, dada ana kompyuta."

Emiliana alifungua gazeti, akaigeuzageuza diski ya video iliyokuwamo, imejaa mikwaruzo. Ndiyo harusi ambayo hakuhudhuria. Ilikuwa Juni ya mwaka 2004, kikao cha bajeti kimepamba moto, karatasi za kuchapa zimejaa meza, na mkuu wake akamnyima ruhusa hata ya siku mbili. Alipokwenda Kibakwe mwezi wa nane na doti ya khanga, mama yao aliipokea, akaongea habari za maharage na ng'ombe wa jirani, harusi hakuigusa kabisa. Mvua za mwaka uliofuata mama akafariki. Emiliana alizika, akarudi mjini, na ule ukimya akarudi nao.

Aliiweka diski. Mashine ikakoroma, kisha ikaandika kwa Kiingereza kwamba haina programu ya kufungulia picha za aina ile.

"Imeharibika?" Elisha aliuliza.

"Haijaharibika. Haijafundishwa."

Aliunganisha intaneti ya simu yake, akatafuta programu ya bure ya kuchezea video za kila aina, ikashuka taratibu huku wao wakinywa chai. Kwa kuwa aliogopa ile mikwaruzo, alinakili kwanza kila kilichomo kwenye diski, akakihifadhi ndani ya kompyuta. Wakati huo Elisha alizitoa spika kwenye mfuko, akazichomeka nyuma ya mashine.

Picha ikaja. Ilikuwa ndogo, imepauka, lakini ilikuwa Kibakwe: vilima nyuma ya nyumba, turubai la bluu, wanawake wamebana ngoma mapajani wanapiga kwa nguvu zote. Sauti haikusikika hata kidogo.

"Yule mjomba Gerson," Elisha alisema. "Alikuwa bado na meno!"

Walicheka. Halafu mama akatokea. Alitoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga, akaitazama kamera, akakunja uso, akasema neno. Akasema tena, anaonyesha kidole pembeni, midomo inakwenda haraka haraka.

Emiliana aliisimamisha picha.

"Ananisema mimi," alisema.

"Dada jamani. Anamfukuza mpiga picha. Unamjua mama."

"Namjua. Ndiyo maana nasema. Wewe ulipoiona zamani ulisikia anasema nini?"

"Tuliiona mara moja tu, kwa jirani, watu wamejaa wanapiga kelele. Nani angesikia?"

Emiliana alishika simu, akampigia Dorothea, rafiki yake aliyekuwa akihudumia kompyuta za idara yao. Dorothea alimuuliza kama kialama cha spika pale pembeni chini kina msalaba mwekundu. Kilikuwa nacho.

"Basi mashine yako haina draiva, ile programu ya kuendesha sauti. Nisomee namba iliyo kwenye kibandiko."

Emiliana alipiga magoti, akasoma. Dorothea akamwelekeza hatua kwa hatua mahali pa kuipakua. Akaipakua, akaisakinisha, akazima mashine na kuiwasha. Msalaba ukaondoka. Kimya kikabaki vilevile. Elisha alianza kusema labda waache, wataiona siku nyingine, ila dada yake alikuwa ameshapiga simu tena.

"Waya wa spika umeingia tundu la rangi gani?" Dorothea aliuliza.

Elisha aliinama nyuma ya meza. "La waridi."

"Hilo la maiki, bwana! Weka la kijani."

Ngoma zikalipuka sebuleni. Emiliana alirudisha picha nyuma kidogo, akakaa mbele kabisa ya kioo. Mama akatoka jikoni, anafuta mikono.

"Wewe wa kamera," mama alisema, kwa sauti ile ya kukwaruza kidogo ambayo Emiliana hakuwa ameisikia kwa miaka ishirini, "hii picha Emiliana ataiona? Eh? Basi acha kupiga watu, piga pale. Pale! Sahani yake nimeiweka, nimeifunika. Emiliana, mwanangu, hao watu wa bajeti wakikuachia, njoo ule."

Kamera ikayumba, ikaonyesha meza na sahani ya bati iliyofunikwa kwa nyingine. Kisha ikarudi kwa wapiga ngoma.

Emiliana aliirudisha picha tena, na tena, hadi mara ya nne ndipo machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Alidhani umeshaiona, labda. Mimi ndiye niliyeambiwa nikuletee nakala." Elisha aliangalia mikono yake. "Nikasahau, dada. Nisamehe."

Emiliana alimtazama, huyu mdogo wake mwenye mvi.

"Na ile sahani, nani aliila?"

"Mimi. Asubuhi yake. Wali ulikuwa umepoa, lakini nyama alikuwekea nzuri kweli."

Emiliana akaangua kicheko huku machozi bado yanamtiririka, akampiga kofi la begani. Akasogeza kiti ili Elisha apate nafasi, akaongeza sauti, wakaitazama harusi yote hadi mwisho.