Sindano ya Tarehe Tisa

Simu ya Gacheri iliingia saa nne asubuhi, siku ya ishirini na nne ya Ramadhani, Saynab akiwa ofisini kwake Garissa mjini. Gacheri ni muuguzi kutoka Meru, amepangiwa kazi kituo kimoja cha afya njia ya Ijara, na si mwanamke wa kulialia ovyo. Siku hiyo alikuwa analia.

"Saynab, nimefungua friji nihesabu chanjo za kichaa cha mbwa, nikaona zimebaki nyingi sana. Kuna mtoto aliumwa na mbweha shavuni, Filsan Diriye. Nilimdunga moja tu. Alikuwa arudi baada ya siku tatu, na hakurudi. Sasa mashine yako inaniambia nimdunge ya pili tarehe sita Juni!"

"Juni?"

"Juni, dada. Na ule ugonjwa ukishapanda kichwani, mtu anaanza kuogopa maji. Hapo hakuna dawa tena. Mtafute huyo mtoto."

Hiyo mashine ilikuwa programu aliyoiandika Saynab mwenyewe, ya kupanga siku za wagonjwa kurudi na kuwatumia ujumbe. Aliifungua. Filsan alidungwa 06/03, yaani tarehe sita Machi. Programu ilikuwa imetanguliza mwezi, kama Wamarekani waandikavyo, ikasoma tarehe tatu Juni. Kuanzia tarehe kumi na tatu ilisoma sawasawa, maana mwezi wa kumi na tatu haupo, na ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka. Lilihitajika neno moja tu kwenye mstari mmoja, kuiambia kwamba siku ndiyo hutangulia.

Tena alikuwa ameijaribu! Hilo ndilo lililomchoma. Aliingiza tarehe za kuzaliwa za watu kumi na mmoja wa nyumbani kwao, zote zikatoka sahihi. Lakini huku kwetu nani anaijua siku aliyozaliwa? Mama atasema ulizaliwa mwaka ule ng'ombe walipokwisha, na karani wa vitambulisho, mwenye foleni ndefu na subira fupi, ataandika mosi Januari. Ukoo mzima umezaliwa mosi Januari, babu na mjukuu. Sasa 01/01, uanze na mwezi au uanze na siku, si ni ile ile? Msomi wetu akaridhika, akapeleka programu kituoni, akapongezwa.

Alirekebisha ule mstari kwa nusu dakika. Kumpata Diriye, babake Filsan, kulimchukua mpaka alasiri. Simu haikupatikana, haikupatikana, haikupatikana. Kila alipokata aliomba: Ya Rabi, wawe wamempeleka hospitali nyingine. Hatimaye ikaita, na sauti ya mchunga mbuzi aliyepanda kilimani kutafuta mtandao ikajibu salamu. Wakaongea Kisomali, Saynab akimwita adeer, yaani ami, kwa heshima.

"Adeer Diriye, mbona hukumrudisha mtoto?"

"Nilimrudisha, binti yangu. Muuguzi aliniambia Ramadhani nane, na Ramadhani nani hupotewa na hesabu? Tulitembea usiku kucha tukafika asubuhi. Yule kijana wa dirishani, Khalif, akatazama kioo chake, akasema jina halimo, tungojee ujumbe. Nikamwonyesha shavu la mtoto. Akasema mashine ndiyo inayojua siku. Nikafikiri, mimi mtu wa mbuzi nibishane nini na mashine? Tukarudi."

Mwenye macho haambiwi tazama, utasema. Lakini usimlaani Khalif. Kanuni kwamba asiye kwenye orodha hapewi nambari ya kumwona muuguzi ilitungwa na Saynab, ili watu wasisukumane mlangoni. Saynab aliikumbuka sasa.

"Mtoto hajambo?"

"Alhamdulillahi, ana homa kidogo tu. Lakini amekuwa mtu mzima, binti yangu!" Diriye alicheka kwa fahari. "Ana miaka minane na ameanza kufunga. Tangu jana hataki hata tone la maji."

Saynab alishika ukingo wa meza.

"Na jana magharibi, adeer? Mlipofuturu, alikunywa?"

 Mbuzi walisikika nyuma ya Diriye.

"Hapana. Mama yake alimpelekea kikombe, akapiga kelele, akakisukuma. Tukasema ni uchovu wa saumu."

Machozi yalimtoka Saynab, asiyafute. Mbele yake, kwenye kioo, jina la Filsan lilikuwa limekaa mahali pake bila kosa lolote: chanjo ya pili, tarehe tisa Machi.

"Mlete, adeer," alisema. "Mlete leo. Natuma gari sasa hivi."

"Leo?" Sauti ya Diriye ilichangamka. "Kumbe leo ndiyo tarehe yake? Alhamdulillahi. Basi hatujachelewa."