Nani Anaichosha Mashine?

"Imekwama tena!" Orpa alipiga kelele, na wanakwaya waliojazana mlangoni mwa kibanda chake cha kompyuta wakaguna kwa sauti zao zote nne, maana kwaya ni kwaya hata inapoguna.

Kompyuta ilikuwa ya moto, feni ikinguruma kama kinu cha kusaga. Ndani yake mlikuwa na wimbo uliorekodiwa Jumapili kanisani, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ukiongozwa na sauti ya Marthe. Na Marthe anaondoka leo. Basi la wanaokwenda kuanza maisha Kanada limeshafika kituoni, na Orpa alimwahidi kuwa hatapanda bila wimbo huo kwenye simu yake. Lakini kila alipoanza kuutayarisha, mashine ilihema, ikazimika.

Akampigia Bonaventure, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Ruti, mjini Mbarara.

"Kaka Bona, iko inaungua!"

"Usifute kitu, dada. Kuko kazi inafanyika chini-chini, hauione. Fungua orodha ya kazi za mashine. Nani anakula nguvu?"

"Jina moja tu! Linakula yote!"

"Ndani ya ile jina huduma, kazi ndogo-ndogo za mashine, ziko mingi, zimejificha. Zima moja, uangalie. Kama haitulie, iwashe tena, ujaribu ingine."

Orpa akazima moja. Feni ikazidi. Akazima nyingine, na spika zikawa kimya kabisa.

"Umeua sauti!" Gervais, mwalimu wa kwaya, alishika kichwa.

Akaiwasha upesi. Na kusema kweli alikuwa anafurahia. Alikuwa anamkaribia mwizi wa nguvu.

Iliyofuata ilikuwa huduma ya kusoma mafaili na kuyaorodhesha. Hapo akakumbuka. Watu wa hapa walikimbia bila picha zao, kwa hiyo kila mteja akileta kadi ya kumbukumbu ya simu, Orpa humwekea nakala ya picha bila hata kuombwa: harusi, ubatizo, hata ng'ombe walioachwa Kivu, kule Kongo, picha zilizotumwa na jamaa waliobaki. Asubuhi hiyohiyo aliiagiza kompyuta izipange zote, zitafutike kwa majina. Maskini mashine ya watu ilikuwa inajaribu kuisoma kambi nzima!

"Ni mimi nimeituma!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akabonyeza kuizima.

Feni ikashuka, ikashuka, ikanyamaza.

"Imekufa?" Gervais alinong'ona.

"Inapumua!"

Akauanzisha wimbo upya. Mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofika ulitambaa kwenye kioo bila kusita, na wanakwaya wakausukuma kwa macho mpaka ukafika mwisho.

Honi ikalia. Orpa aliunakili wimbo kwenye kadi, akachomoka nayo mkononi, kikwembe cha kiunoni kikimfunguka, kwaya nzima nyuma yake. Marthe alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya basi.

"Leta simu, mama! Leta!"

Kadi ikaingia. Sauti ya Marthe ikatoka, nyembamba, ikiita peke yake kama Jumapili ile kanisani. Marthe mwenyewe, mkono kwenye mlango, akafungua kinywa na kuiitikia.