Dawa ya Milimani

Kila Pasaka Oddvar alipanda kwenye kibanda chake cha mlimani, na uongo wake ukapanda naye. Majirani walishauzoea. Aliapa kwamba mwaka mmoja upepo ulikinyanyua choo cha nje, yeye akiwa ndani amekaa, ukakitua ng'ambo ya ziwa, naye akafungua mlango akawaamkia wenyeji kana kwamba amekuja kunywa kahawa. Watu walicheka, wakamwongezea kikombe.

Mwaka huu aliachiwa mjukuu wake, Vigdis, msichana wa miaka tisa. Mama yake, Ragnhild, alikuwa na kazi mjini. Aliacha begi la nguo na kichupa cha vidonge vyeupe.

"Kimoja kila asubuhi, Baba, pamoja na chakula. Usisahau."

"Nisahau mimi? Nakumbuka hata siku niliyozaliwa. Kulikuwa na baridi."

"Baba."

"Kimoja, asubuhi. Nimesikia."

Vidonge vilikuwa vya akili isiyotulia. Kabla ya kuvianza, Vigdis alianza kila kitu asimalize hata kimoja, na darasani hakuna aliyetaka kukaa naye. Sasa alikaa, akasoma, akamaliza. Lakini jicho la Oddvar liliona mengine. Mtoto aliyasukuma kando maandazi ya mdalasini. Hadithi ya choo aliisikiliza mpaka mwisho, ametulia, kisha akasema, "Ni hadithi nzuri, Babu."

Heri angemzomea. Zamani angemkatiza mara kumi: choo kilikuwa na dirisha? Ulishika nini? Na suruali je?

Huko kwao, nchi ya theluji, mtoto mchanga hulazwa nje kwenye kigari chake baridi ikiuma, na huvaa skii, mbao za kutelezea thelujini, kabla hajajua kuvuka barabara. Hakuna maradhi ambayo wazee hawajayaandikia hewa ya mlima, usingizi wa mapema na kijiko cha mafuta ya samaki. Oddvar alikuzwa na kijiko hicho, na kwa maoni yake alikuwa ametoka salama. Basi asubuhi ya pili alikificha kichupa nyuma ya kopo la kahawa, akamwekea Vigdis kidonge cha mafuta ya samaki, cha manjano, kinachong'aa.

"Mbona rangi nyingine?"

"Daktari amekubadilishia. Hii ni dawa ya milimani. Ile ya mjini huku juu haishiki, hewa ni nyepesi."

Vigdis akameza. Kwa nini asimeze? Aliyempa ni babu yake.

Siku zilizofuata zikawa tamu. Mtoto alikula mpaka sahani ikang'aa, akavunja kikombe, akauliza kama wale wenyeji wa ng'ambo walikirudisha choo. Oddvar aliegemea ukuta uliopigwa na jua akimenya machungwa, akajiona daktari.

Vigdis alikuwa na rafiki mmoja tu duniani, Ylva, binti wa jirani yao Sverre. Tangu wafike walikuwa wanachimba pango la theluji. Lilipokwisha, Ylva aliingia ndani kupanga mishumaa na machungwa ya karamu, akamwambia mwenzake angoje nje kidogo. Vigdis alingoja kadiri alivyoweza. Kisha akapanda juu ya pango, akaruka.

Paa likaporomoka, likamfukia Ylva. Sverre alichimba kwa mikono, kisha kwa koleo. Ylva alitolewa midomo ikiwa ya buluu, akipumua, akilia bila sauti. Hakumtazama Vigdis.

Jioni Vigdis alikaa kwenye benchi, uso ukutani.

"Babu."

"Naam."

"Nilijua juu ya pango hapapandwi. Nilijua kabisa. Miguu ikaruka tu."

"Imekwisha, mama. Ylva mzima."

"Na dawa nimemeza. Kwa hiyo siyo ugonjwa. Ni mimi."

Oddvar alikuwa amedanganya umri wake wote, na uongo wake haukuwahi kumtoa mtu hata tone la damu. Aliweza kunyamaza, nani angejua? Akainuka, akakitoa kichupa nyuma ya kopo.

"Dawa hukumeza. Nilikupa mafuta ya samaki."

Vigdis akageuka. "Daktari hakusema?"

"Hakusema. Nilisema mimi."

Mtoto hakulia. Alivaa viatu. "Twende ukawaambie."

Sverre alifungua mlango akiwa na soksi za sufu, uso umechoka. Oddvar akasimulia kama ilivyokuwa, bila chumvi. Ilikuwa hadithi fupi kuliko zote alizowahi kusimulia. Sverre akamshika bega.

"Dawa ya milimani. Mzee Oddvar, hiyo nayo ni mpya."

"Ni kweli, Sverre."

"Najua unampenda mjukuu wako. Hata mimi ningemtungia kitu. Lakini kesho Ylva hatoki kucheza."

Mlango ukafungwa taratibu.

Oddvar alimpigia Ragnhild simu usiku huohuo, akamweleza yote. Asubuhi alimpa Vigdis kidonge cheupe pamoja na mkate. Mtoto alikula mkate. Kidonge akakifumbata mkononi, akaketi dirishani.

"Meza, mama. Hiki ndicho."

Hakukimeza, wala hakukitupa.

Ragnhild alifika karibu na adhuhuri. Hakufoka, Oddvar angependa afoke.

"Daktari alisema vyote, Baba. Alale mapema, acheze, apate hewa, na ameze kidonge. Nilimleta kwako apate mlima. Kidonge nilikipakia ili auone huo mlima."

"Pasaka ijayo nita..."

"Pasaka ijayo tutakuja sote."

Oddvar alielewa: hataachiwa tena mtoto peke yake.

Vigdis akaja kwa mama yake, akafungua kiganja. Kidonge kilikuwa kimelainika kwa jasho, kimeacha alama nyeupe kwenye mistari ya mkono.

"Mama, hiki ndicho chenyewe?"

Ragnhild akakitazama. "Ndicho."

Vigdis akameza hapohapo. Oddvar, ambaye alikuwa amekwenda kumletea maji, alibaki amesimama na bilauri yake.