Kuvuka kwa Miguu Hadi Chole

Asubuhi tulikwenda kuangalia magofu ya Kua, kwenye kisiwa jirani na Chole, mimi na binti yangu Recho wa miaka minane. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kufika Mafia, na mara ya kwanza kugusa bahari. Sisi ni watu wa Dodoma. Sadick, aliyetutembeza, alitaka tungoje mashua yake ielee ndipo turudi Chole. Nikamwambia nina macho: maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake wanaolima mwani walikuwa wanavuka kwa miguu.

"Wale wanaujua mkondo, mama."

"Na mimi nina miguu. Kaa na mashua yako."

Somoe, mkubwa wa wale wanawake, alinisubiri kidogo. "Twende sasa, dada. Leo bamvua, maji makubwa; yakianza kujaa hayana subira."

Nikasema tunakuja. Recho alikuwa anaokota makombe, nikawa nampiga picha. Nyingi.

Tulipoingia majini, wenzetu walikuwa wameshafika kwenye mashamba yao upande wa Chole. Mwanzoni maji yalikuwa ya vifundoni. Katikati yakafika mapajani, na yalikuwa yanavuta. Kwetu korongo likianza kujaa unarudi ulikotoka, maana huko umepita na unapajua. Nikamshika Recho mkono, nikageuka.

"Usirudi," Somoe alipaza sauti. "Nyuma ndiko kunakojaa kwanza! Njoo huku!"

Nilimsikia. Sikumwamini.

Hatua kumi tu, mchanga tuliokuwa tumeukanyaga haukuwepo. Maji yakanifika kifuani. Recho akazama, nikamvuta kwa nywele, nikampandisha mabegani. Alinikaba shingo kwa mikono yote miwili. Sijui kuogelea. Nilisimama kwa ncha za vidole, na kila nilipopumua mkondo ulinisogeza.

"Mama, tunakufa?"

"Nyamaza. Shika."



Wale wanawake walikuwa wanatujia, watatu, wameshikana mikono. Somoe alitoa kisu akaanza kukata kamba za mwani kwenye vigingi, mwani ukining'inia bado, umeshakomaa.

"Kamba ya shamba la Safia ni fupi. Kata na yangu, uziunge," alimwambia mwenzake mmoja.

"Zote?"

"Unamwona mtoto au humwoni?"

Akarusha. Kamba ikapita mbali. Akarusha tena, mkondo ukaichukua. Maji yalikuwa kidevuni mwangu. Mara ya tatu Recho aliidaka.

"Mfunge mtoto kiunoni," Somoe aliniagiza. "Wewe shika mkia wa kamba."

Nilifunga kwa vidole visivyohisi kitu. Walipovuta, miguu yangu iliacha chini, nikameza chumvi, nikaburutwa nyuma ya mwanangu kama mzigo.

Ufukweni nilitapika. Mwani wao ulikuwa unaelea vipande vipande kuelekea mkondoni.

"Nisamehe," nilisema. "Mwani wenu wote."

Somoe alikuwa anakamua kanga yake. "Mwani unaota. Nilipokwambia njoo, ulinisikia?"

Recho alikuwa amekaa mchangani, anatetemeka, ananitazama.

"Kelele za maji," nilianza.

"Nakuuliza, dada. Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Haya. Tuondoke, mtoto ana baridi."

Nilimnyooshea Recho mkono. Aliinuka mwenyewe, akanizunguka, akaenda kushika kanga ya Somoe. Nikawafuata.