Jani la Sale la Mwalimu Sirili

Shida ya Mwalimu Sirili ilianzia kwenye tarumbeta. Shule yake ya Kikatoliki huko Uru ilikuwa na katekisimu ya kuwapeleka watoto wote mbinguni, lakini ng'ambo ya mfereji Walutheri walileta tarumbeta, watoto wakavuka. Kwa hasira Sirili akatangaza hadharani kwamba Mwalimu Anaeli wa shule ile ya Walutheri anapuliza kama ng'ombe anayezaa. Jioni hiyohiyo Anaeli alikuwa ameshasikia.

Kisha serikali ya Mwingereza ikatoa neno: haitasaidia shule mbili za misheni zilizo jirani. Mkaguzi angepita kwa Sirili, kesho yake kwa Anaeli. Atakayekutwa na watoto wengi apewe ruzuku, mwenzake afunge. Sirili aliyatazama madawati yake matupu, hofu ikamshika kwelikweli. Shule ikifungwa, angerudi kuchuma kahawa kwa baba mkwe wake, akisimangwa tangu asubuhi.

Basi akameza kiburi, akakata jani la sale, akavuka mfereji. Kwa Wachaga, anayekuja na sale kuomba radhi harudishwi, hata kama amekutukana wewe na tarumbeta lako. Anaeli alilitazama jani lile kama mgonjwa anavyoitazama kwinini, mwisho akalipokea.

"Haya, nimekusamehe. Na nini kingine?"

"Niazime nusu ya watoto, Mwalimu. Asubuhi moja tu."

"Ili yangu ndiyo ifungwe?"

"Kesho yake hao watarudi kwako, wale wengine wabaki nyumbani. Akitukuta sawasawa, atashindwa kuchagua."

Ilionekana hoja nzuri. Asubuhi ya ukaguzi watoto walivuka, na si nusu. Waliposikia kuna mgeni Mzungu, walikwenda wote. Mkaguzi alikuta darasa limefurika hadi dirishani, akatabasamu, akaaga.

Watoto wangerudi kwa Anaeli palepale, lakini Hilaria, mke wa Sirili, alikuwa ameshatoa chungu cha kiburu. Ni mama gani wa Kichaga angewaachia watoto wa watu waondoke na njaa saa ya kula? Wakaketi. Ndizi na maharage vikawanyamazisha.

Mkaguzi naye akaangalia mawingu mlimani, akaona mvua itamkwamisha kesho. Akakata shauri kumaliza kazi siku hiyohiyo. Alimkuta Anaeli peke yake darasani, anafuta tarumbeta.

Habari ikaja kwamba ruzuku ni ya Sirili. Sirili hakufurahi hata kidogo. Siku nzima aliona aibu kutazama ng'ambo, na alipomwona Anaeli anakuja na jani lilelile, sasa limesinyaa, alitamani ardhi immeze.

"Nilikuazima watoto," Anaeli alisema. "Sasa niazime shule. Nitafundisha hesabu tu, dini nakuachia."

Sirili akalipokea. Angefanyaje?

"Mlutheri kwenye shule ya Padre!" Hilaria akashika kichwa. "Utaanzia wapi kumwambia?"

Sirili alipanda misheni na jani mkononi, akampa Padre kwa mikono miwili. Padre alikuwa mgeni kutoka Ulaya, hajamaliza mwaka, hajui maana ya sale. Alifurahi sana.

"Oo, kwa ajili ya Mama Maria!" akasema, akalitia kwenye chombo cha maua miguuni pa sanamu.

Sirili alishuka mlima mbio. Anaeli alikuwa amesimama mferejini, anamsubiri.

"Amesemaje?"

"Amelipokea," Sirili alisema. "Jumatatu uje. Tarumbeta njoo nalo."