Ua la Mezani kwa Afisa wa Vibali

"Mguu mwingine," mama alisema, na Taratibu akauinua mguu mwingine. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na kamba za viatu bado alifungiwa na mama yake. Asubuhi hiyo hakutaka kutoka mpaka aikague kamera: kifuniko, betri, mkanda wa shingoni, halafu kifuniko tena.

"Tunachelewa, mwanangu."

"Taratibu," alijibu. Ndilo jina walilomwita mtaa mzima, na alilipata kwa haki.

Mama alikuwa mfuaji wa mashuka katika nyumba ya wageni. Msimamizi alimpa ruhusa mpaka saa nne, tena kwa kumkumbusha kuwa wanaotaka kazi wamejaa getini. Kabla Taratibu hajapata nafasi katika kituo cha watu wazima waliozaliwa na akili nzito kujifunza, mama alikuwa akimfungia chumbani kutwa nzima, kufuli kwa nje, na jagi la maji ndani. Ilikuwa hivyo au aache kazi. Lakini miaka minne sasa mwalimu wa kituo alikuwa akiwapeleka yeye na wenzake watano katika bustani kubwa ya serikali, kupiga picha za wadudu na mimea. Waliingia bure, kwa kibali cha wapiga picha. Kibali kikifutwa, kituo hakikuwa na pengine pa kuwapeleka, na mama alijua kutwa za Taratibu zingeishia wapi.

Mkubwa mpya wa bustani alikuwa ameagiza kila mwenye kibali cha bure aonyeshe mbele ya afisa kwamba kweli anajua kupiga. Jana waliitwa wenzake wawili. Dada Kofia alipiga viatu vya afisa mara kumi na moja, akaandikiwa hapana. Mwenzake alilia tu, naye hapana.

Afisa wa vibali alizipanga mezani picha kumi na mbili alizoletewa na mwalimu. Paja la panzi. Umande kwenye utando wa buibui. Konokono juu ya bomba, pembe zimenyooka kama anasikiliza.

"Hizi kapiga yeye?"

"Kapiga yeye."

"Mama, usinichoshe. Hata mimi niliyesoma siwezi."

"Wewe hulali chini kwa tumbo, baba."

Karani aliyekuwa pembeni akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Afisa hakucheka. Akasogeza chombo cha maua ya plastiki katikati ya meza. "Piga hilo ua, tumalize."

Mama akamtazama mwanawe. Siku ya kwanza kabisa mwalimu aliwafundisha wasimpige mtu picha bila kumwomba. Wenzake walielewa kuwa ni watu. Taratibu alielewa kuwa ni kila kitu chenye uhai. Tangu hapo hakupiga hata sisimizi bila kumwomba. Alilala chini, akaomba, akangoja kitikisike, kwani kutikisika ndiko kukubali kwake. Mara nyingine alingoja nusu saa, wenzake wakamruka kama gogo.

Taratibu akapiga magoti, kidevu juu ya meza.

"Naomba," aliliambia ua.

Wakangoja. Pangaboi lilikuwa limekufa, na ndani hapakuwa na upepo hata wa kupepea karatasi.

"Anangoja nini?"

"Anangoja likubali, baba. Likitikisika tu, atapiga."

"Ua la plastiki likubali?"

"Si wewe uliyemwekea? Naomba basi tufungue dirisha."

"Limepigiliwa misumari tangu tuibiwe," karani alisema kwa sauti ya kuomba radhi.

Afisa akatazama saa. "Dakika mbili."

Mama akainama kana kwamba anaokota kitu, akakaribisha mdomo mezani, akapuliza. Ua likayumba, likayumba tena. Piga, mwanangu. Piga.

Taratibu akatoa jicho kwenye kamera, akamtazama bila hasira. "Ni wewe uliyelitikisa, mama. Lenyewe limenyamaza."

"Haya, achana nalo!" afisa alisema. "Nipige mimi."

Taratibu akamgeukia, uso umechangamka. "Naomba."

"Usiniletee mchezo hapa!"

Taratibu akaishusha kamera, akairudishia kifuniko. Mtu amekataa, na aliyekataa hapigwi.

Afisa akaandika maneno matatu, *Hawezi kutumia kamera*, akagonga muhuri. Kisha akazikusanya zile picha kumi na mbili, akavuta droo. "Hizi zibaki. Mkubwa anatafuta picha za kalenda."

Maisha yake yote mama alikuwa amekaa upande ule wa meza za watu na kusema sawa. "Kalenda itaandika kapiga nani?"

"Itaandika bustani."

"Umesema si zake huyu. Basi nitajie mwenyewe, nimpelekee mkononi."

Afisa akazirudisha picha mezani. Karani alikuwa anasoma dari. Mama akazichukua picha moja moja, akizihesabu kimoyomoyo, akazitia mkobani. Alidhani angejisikia nafuu. Hakujisikia. Ile karatasi yenye muhuri ilibaki palepale mezani, wino bado unang'aa.

Langoni pa bustani mlinzi akawasimamisha. Huyu ndiye aliyekuwa akimpigia Taratibu saluti kila asubuhi na kumwita mpiga picha wetu. Leo alinyoosha mkono bila kuinua macho. Akaipokea kadi ya kibali, akaikata kona kwa mkasi.

"Nisamehe, mama. Wameshanipigia simu."

"Kesho mnafungua saa ngapi?" Taratibu alimwuliza.

Mlinzi akamtazama mama. Mama akatazama barabara.

"Saa mbili," mlinzi alisema, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Haya," alisema Taratibu. "Nitawahi."